Ndugu yako anarudi kutoka ng'ambo: kagua haya kabla hajakununulia simu, redio au TV

Ndugu msikilizaji, mwezi wa kumi na moja ukishaingia, ujumbe unaofika kwenye simu ya studio huanza kufanana. "Binti yangu yuko Muscat, anarudi likizo. Nimwambie aniletee simu gani?" "Shemeji yuko Dubai, anasema TV huko ni bei chee. Itashika huku kwetu?" "Mwanangu kaniletea blenda kutoka Marekani, nimechomeka mara moja tu, ikatoa moshi. Fundi anaweza kuitengeneza?"

Kwenye kipindi tunapata dakika chache za kujibu, kisha matangazo yanaingia. Hapa tumeandika kwa kirefu, ili usome taratibu na umtumie ndugu yako kabla hajaingia dukani.

Tunaandika kwa sababu hela inayonunua vitu hivi si ya mchezo. Mara nyingi ni mshahara wa miezi ya kazi za ndani kwenye nyumba ya watu, au magunia ya alizeti yaliyouzwa nyumbani na hela ikatumwa huko. Na kifaa kikishavuka bahari, kukirudisha dukani ni kazi ngumu. Kosa likionekana hapa kijijini, hasara imeshakuwa yako.

Tuanze na simu, maana ndiyo inayoagizwa zaidi.

Je, itashika mtandao wa kwetu?

Simu ni redio ya kupokea na kutuma. Mnara unarusha mawimbi kwenye masafa fulani, na simu lazima iwe imetengenezwa kusikia masafa hayo. Kama haina, hata uipandishe juu ya mti haitashika.

Nchi zinatofautiana. Mtandao wa zamani wa 2G hapa kwetu na sehemu kubwa ya Afrika na Ulaya uko kwenye masafa ya 900 na 1800 MHz. Marekani walitumia 850 na 1900. Simu nyingi za leo zina yote manne, kwa hiyo kupiga na kupokea kwa kawaida si tatizo. Tatizo linakuja kwenye intaneti ya kasi, yaani 4G.

Hapa Tanzania kampuni za simu hutumia 4G kwenye masafa kama 700, 800 na 1800 MHz, na mengine kutegemea kampuni. Masafa ya 1800 yana nguvu mjini, lakini hayaendi mbali sana. Yale ya chini, 700 na 800, ndiyo yanayosafiri umbali mrefu na kupenya ukuta, kwa hiyo sisi wa vijijini ndio tunaoyahitaji zaidi. Wataalamu huyaita kwa namba: 1800 ni bendi ya 3, 800 ni bendi ya 20, na 700 ya huku ni bendi ya 28.

Sasa, simu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza kukosa bendi ya 20 na ya 28. Marekani nao wana 700, lakini imepangwa tofauti, si 700 ya kwetu. Matokeo yake, simu inaonyesha 4G ukiwa stendi ya wilaya karibu na mnara, ukifika nyumbani inashuka hadi 2G na picha ya WhatsApp inazunguka tu. Mwenye simu huilaumu kampuni ya mtandao, wakati jirani mwenye simu ya bei ndogo iliyonunuliwa mjini anaangalia video bila shida.

Namna ya kukagua: kila simu ina namba ya modeli, imeandikwa kwenye boksi na ndani ya simu, sehemu ya "About phone". Kwa Samsung, angalia herufi ya mwisho. Herufi U ni simu ya soko la Marekani, N ni ya Korea Kusini, na B au F ni ya masoko mengi ya dunia. Ndugu yako achukue namba hiyo, aitafute kwenye intaneti, aone orodha ya bendi za 4G. Akiona 3, 20 na 28 zipo, mko salama. Simu zinazouzwa Oman na Dubai kwa kawaida ziko karibu zaidi na za kwetu kuliko za Marekani au Japan.

Je, imelokiwa?

Mnajua simu za mkopo zinazouzwa hapa nchini: usipolipa rejesho, inajifunga. Huko ng'ambo nako simu nyingi huuzwa kwa mkataba na kampuni ya mtandao. Kampuni inaifunga simu ili ipokee laini yake peke yake hadi mteja amalize deni. Ukiiweka laini ya huku, inaandika kwamba laini hiyo haikubaliki.

Uingereza ilipiga marufuku kampuni za mtandao kuuza simu zilizolokiwa kuanzia Desemba 2021, na Japan ilifanya hivyo kuanzia Oktoba 2021. Marekani bado zinauzwa. Simu za zamani kutoka nchi zote hizo, zile zinazouzwa kama mitumba, zinaweza kuwa bado zimefungwa.

Jaribio lake ni rahisi: ndugu yako aweke kwenye simu hiyo laini ya kampuni nyingine, apige. Ikipiga, haijalokiwa. Kwa iPhone aingie "Settings", kisha "General", kisha "About", atafute mstari wa "Carrier Lock". Inatakiwa iandike "No SIM restrictions". Ikiandika kingine, airudishe.

Kuna kufuli la pili, nalo ni baya zaidi: akaunti ya mtu wa kwanza. iPhone iliyounganishwa na akaunti ya mwenyewe, au simu ya Android yenye akaunti ya Google, ikifutwa bila mwenyewe kutoa akaunti yake, ikiwaka tena inaomba neno la siri la yule yule. Bila neno hilo ni kipande cha kioo. Mafundi watakuahidi kuiflashi, lakini kwa iPhone hasa usitegemee. Kwa hiyo simu ya mkononi kwa mtu ifutwe mbele ya mnunuzi, iwashwe upya hadi mwisho, na isiombe barua pepe ya mtu yeyote. Ikiomba, muuzaji hajaondoa akaunti yake, au simu si yake.

Jambo moja la simu mpya za Samsung: baadhi ya boksi zina karatasi inayosema simu ianze kutumika kwa laini ya eneo ilikouzwa. Ndugu yako asiilete ikiwa imefungwa kwenye boksi kama zawadi. Aiwashe huko huko, aweke laini yake, apige simu ya dakika zaidi ya tano, kisha aifute na kuirudisha kwenye boksi.

Laini yako itaingia wapi?

Hili ni jipya na linawashangaza wengi. Kuna simu ambazo hazina tena tundu la laini. Badala ya kadi, namba yako inapakiwa ndani ya simu, na teknolojia hiyo inaitwa eSIM. iPhone zinazouzwa Marekani ziko hivyo tangu iPhone 14 ya mwaka 2022. Kuanzia iPhone 17 ya mwaka 2025, hata zile zinazouzwa Oman, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu hazina tundu. Kinyume chake, iPhone nyingi zinazouzwa China bara zina matundu mawili ya kadi na hazina eSIM.

Kabla ya kuagiza simu ya namna hiyo, uliza duka la kampuni yako ya simu kama wanatoa eSIM na kama duka la karibu nawe linaweza kukuhamishia. Kisha fikiria maisha ya kijijini. Chaji ikiisha usiku, wengi wetu tunachomoa laini na kuiweka kwenye kitochi ili tusikose simu ya dharura au hela iliyotumwa. Kwa eSIM huwezi kufanya hivyo. Simu ikianguka majini, namba yako imezama nayo hadi ufike dukani na kitambulisho. Kama namba hiyo ndiyo ya biashara, ya kikundi cha kuweka na kukopa, na ndiyo unayopokelea hela za mazao, chagua simu yenye tundu.

Namba ya IMEI na simu feki

Kila simu halali ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, inaitwa IMEI. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili. Kuiona, bonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli, yaani *#06#. Namba itatokea yenyewe bila kutumia salio.

Wengi mnakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipozima simu feki nchi nzima. Watu walilala na simu, wakaamka na saa ya mezani. Simu zilizimwa kwa sababu IMEI zake hazikuwa halali. Mfumo huo bado upo, na unatumika pia kufungia simu zilizoripotiwa kuibwa.

Kwa hiyo, ndugu yako akiwa bado dukani huko, akutumie IMEI. Wewe hapa andika tarakimu hizo kwenye ujumbe mfupi, tuma kwenda 15090. Utajibiwa ni simu ya kampuni gani na modeli gani. Yeye anashika boksi la Samsung na jibu linasema ni simu ya kampuni nyingine? Aache hapo hapo. Tena IMEI iliyo ndani ya simu, iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye risiti zote zifanane.

Tahadhari nyingine ni kwa simu za soko la ndani la China. Zipo nzuri na za bei nafuu, lakini nyingi hazina huduma za Google, na menyu nyingine hubaki kwa Kichina. Duka la programu mnalolijua halimo. Mnunuzi aulize wazi kama ni toleo la kuuzwa nje ya China. Na simu zilizotoka Japan na Korea Kusini, mara nyingi sauti ya kamera haizimiki, kila picha inalia. Si ubovu, zimetengenezwa hivyo.

Wapo pia wanaouliza: "Simu ya Dubai haipigi WhatsApp, nikiileta itapiga?" Kinachozuia ni mtandao wa kule, maana Falme za Kiarabu huzuia simu za WhatsApp. Simu yenyewe ni nzima. Ikifika huku na laini ya huku, inapiga.

Umeme: soma maandishi madogo

Sasa twende kwenye moshi wa ile blenda.

Umeme wa TANESCO ni volti 230, na unabadilika mwelekeo mara 50 kwa sekunde, ndiyo hiyo 50 Hz. Oman na Falme za Kiarabu wako karibu sawa na sisi, hata plagi ni ile ile ya pini 3 bapa. China ni volti 220, plagi tofauti. Ulaya ni 230, pini 2 za duara. Marekani ni volti 120. Japan ni volti 100 tu.

Kila kifaa kina kibandiko chenye neno "INPUT". Kikisema "100–240V, 50/60Hz", chomeka bila hofu, kinajirekebisha chenyewe. Chaja karibu zote za simu na kompyuta mpakato ziko hivyo, na TV nyingi za kisasa pia. Unachohitaji ni adapta ya kubadilisha pini, kitu cha bei ndogo.

Kikisema "120V" au "100V" peke yake, hapo pana hatari. Vifaa vya joto na vya mota, kama birika, pasi, blenda, mashine ya kukaushia nywele na jiko la wali, mara nyingi viko hivyo. Ukiongeza volti mara mbili, moto unaotoka hauongezeki mara mbili, unaongezeka karibu mara nne. Birika la Marekani la wati 1,000 likichomekwa kwetu linajaribu kutoa zaidi ya wati 3,600. Jiko la wali la Japan la wati 800 linajaribu kutoa zaidi ya 4,200. Waya unaungua, plastiki inayeyuka, na kwenye nyumba ya dari ya mbao moto unaweza kuanza.

Adapta haisaidii hapa. Adapta inabadilisha umbo la pini tu, volti zinabaki zile zile 230. Watu wengi wameunguza vitu kwa kudhani pini ikiingia basi umeme umekubali. Kinachohitajika ni transfoma ya kushusha umeme, na wati zake lazima zizidi wati za kifaa. Transfoma ya kubeba birika ni nzito na ina bei, na mara nyingi inazidi bei ya birika jipya hapa mjini. Kwa kifaa cha namna hiyo ushauri wetu ni mfupi: kisiagizwe.

Saudi Arabia wana jambo lao. Zamani nyumba nyingi kule zilitumia volti 127, kisha nchi ikaanza kuhamia 230. Kwa hiyo kifaa kilichotumika kule kinaweza kuwa cha volti zozote kati ya hizo, soma kibandiko. Tena umeme wao ni 60 Hz. Feni, friji au mashine ya kufulia yenye mota ya 60 Hz pekee, ikiletwa kwenye 50 Hz huzunguka pole pole na inaweza kupata moto. Kibandiko kiseme "50/60Hz".

Kwa wanaotumia sola, kumbuka kwamba sola ndogo nyingi za nyumbani ni volti 12, na kifaa cha umeme wa ukutani kitahitaji inveta inayokula chaji. Zawadi isiyo na usumbufu kwenu ni ile inayochajiwa kwa waya wa USB: taa, redio, spika, feni ndogo. USB ya kawaida ni volti 5 dunia nzima, Muscat na Manyoni ni sawa.

Redio: hapa tuna maslahi yetu

Tukubaliane, sisi ni watu wa redio, na hatutaki kukupoteza kwa sababu ya simu mpya.

iPhone haina redio ya FM. Simu nyingi za bei kubwa siku hizi nazo hazina. Bila FM unatusikiliza kwa intaneti, kwa kutumia bando. Simu nyingi za kawaida zinazouzwa Afrika bado zina FM ya bure, ukichomeka waya wa masikioni ambao ndio antena yake. Kama nyumbani kwenu habari za mvua, bei za mazao na matangazo ya vifo mnayapata redioni, mwambie ndugu yako aangalie alama ya redio kwenye simu kabla ya kulipa.

Kwa redio zenyewe, hapa FM ni kuanzia 87.5 hadi 108 MHz. Japan ni kuanzia 76, na redio za magari yao mengi huishia 90. Ndiyo maana ukipanda gari lililotoka Japan dereva anasikia kituo kimoja au hakuna kabisa, hadi fundi amfungie kile kiboksi kidogo cha kushusha masafa. Redio ya mkononi ya Japan ina tabia hiyo hiyo. Akiinunua, ahakikishe inafika 108.

Redio za Marekani zinafika 108, ila baadhi zinaruka hatua mbili mbili: 88.1, 88.3, 88.5. Kituo kilicho kwenye 92.4 redio kama hiyo inakiruka. Zile za kuzungusha kwa mkono hazina shida hiyo.

TV na king'amuzi

Matangazo ya kidijitali ya TV kwa antena hapa Tanzania na Kenya yanatumia mfumo uitwao DVB-T2. Marekani wana mfumo wao, ATSC. Japan wanatumia ISDB-T, na China wanatumia DTMB. TV ya nchi hizo ukiichomeka antena ya juu ya nyumba haioni chaneli hata moja.

Haina maana TV haifai. Ukiwa na king'amuzi na waya wa HDMI, king'amuzi ndicho kinachopokea chaneli na TV inabaki kuwa kioo tu. Inakubali. Kinachobaki ni volti, na kioo kufika bila ufa.

Ndege na forodha

Pawabenki haziwekwi kwenye begi linaloingia chini ya ndege. Zinabebwa mkononi, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto wahudumu lazima waweze kuifikia. Kiwango cha kawaida ni hadi saa-wati 100, kati ya 100 na 160 kwa ruhusa ya shirika la ndege, zaidi ya hapo hairuhusiwi. Pawabenki ya 20,000 mAh ni kama saa-wati 74, inapita. Idadi inayoruhusiwa hutofautiana, aulize shirika lake. Simu na kompyuta nazo ni bora zikae kwenye begi la mkononi, kwa usalama wa betri na usalama wa mwizi.

Drone na redio za upepo za kuongea pande mbili zinahitaji vibali hapa nchini. Asinunue kwanza ndipo atafute kibali, maana zinaweza kuishia mikononi mwa maofisa uwanjani.

Kwa TRA, simu moja ya matumizi na nyingine ya mama yake si sawa na simu kumi za aina moja. Kumi ni biashara na zitatozwa. Kitu kikubwa kama TV kinaweza kutozwa pia. VAT peke yake bara ni asilimia 18, kwa hiyo TV ya thamani ya shilingi 600,000 ina VAT isiyopungua 108,000, kabla ya ushuru mwingine. Aulize forodha mapema kiwango cha mwaka huu kwa abiria, na abebe risiti. Bila risiti, ofisa ndiye atakayekadiria bei.

Piga hesabu kabla ya kufurahi

Bei ya huko ikiwa ndogo, ongeza haya: adapta, nafasi ya mzigo, kodi, na warantii. Warantii nyingi ni za nchi ilikonunuliwa. Simu ya Oman ikifa spika mwezi wa pili, duka la Oman litasema ilete. Hapa nyumbani utalipa fundi mwenyewe, na kioo cha modeli isiyouzwa nchini kinaweza kuchukua wiki kupatikana. Ukikuta tofauti ya bei ni ndogo, nunua mjini kwenu kwenye duka lenye risiti ya EFD na warantii. Ndugu yako atakutumia hela badala ya boksi, na ukipata shida una mlango wa kwenda kugonga.

Tofauti ikiwa kubwa na vipimo vimekubali, nunueni. Wapo wasikilizaji wetu wenye simu za Muscat zinazofanya kazi mwaka wa nne sasa.

Ujumbe wa kumtumia ndugu yako

Tumeuandika tayari. Nakili, badilisha jina la kifaa, tuma kwa WhatsApp:

"Mwanangu, habari za kazi. Nashukuru kwa kunikumbuka. Kabla hujalipa simu, naomba ufanye haya. Moja, nitumie picha ya boksi yenye namba ya modeli. Mbili, bonyeza *#06# unitumie IMEI, nami nitaikagua huku, unisubiri nijibu. Tatu, weka laini ya kampuni nyingine upige, tujue haijalokiwa. Nne, angalia kama ina tundu la laini na redio ya FM. Tano, kama ni ya mkononi kwa mtu, ifutwe mbele yako na isiombe akaunti ya mtu. Kama ni kitu cha kuchomeka ukutani, nipigie picha kibandiko cha INPUT. Risiti usitupe. Wakikukatalia kukagua, ondoka, usione haya. Bora uje mikono mitupu kuliko hela yako ya jasho ipotee."

Mwenye swali juu ya kifaa alicholetewa tayari, atupigie picha kibandiko cha INPUT au aandike namba ya modeli, atume kwenye namba ya studio mnayoijua. Namba ya IMEI asitume kwetu wala asiiweke kwenye magrupu. Hiyo ni ya kukagulia 15090 na kutunza kwenye daftari, pamoja na risiti. Siku simu ikiibwa, ndiyo polisi na kampuni ya simu watakayokuuliza kwanza.